Siku Baba Alipoachwa na Treni Katumba

Enzi zile Mpanda haijaona lami, kwenda Tabora ni treni, na kupanda treni ni sherehe. Mama alikaanga maandazi ndoo nzima, akachemsha mayai, utadhani Tabora hawali. Mimi na dada yangu Zuhura tulipakwa mafuta mpaka inzi wakitutulia wanateleza. Baba, aliyekuwa na duka la vitambaa sokoni, alivaa koti lake la harusi.

Treni ilipoanza kutembea akatusomea sheria. "Nyie, asishuke mtu njiani. Treni haimsubiri mtu, hata awe mkuu wa wilaya."

Katumba tukasimama. Akina mama wakajaa madirishani na ndizi, karanga na asali. Baba akaonja asali ya dirishani. "Hii ina maji," akasema, akashuka kutafuta nzuri. Tukamwona anaonja kwa huyu, anatikisa kichwa, anahamia kwa yule. Honi ikalia. Anaonja. Treni ikaondoka.

Zuhura alianza kulia, nami nikapaza sauti zaidi ili asinizidi. Behewa zima likatupa pole. Bibi mmoja aliyeshtuka usingizini akauliza marehemu alikuwa anaumwa nini. Mama peke yake hakulia. Alimenya yai, akalishika tu mkononi bila kulila.

Ndipo akaja mkaguzi.

"Mama, tiketi."

"Zimeshuka."

"Zimeshuka wapi?"

"Katumba. Zimo kwenye koti la baba yao. Zinaonja asali."

Mkaguzi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alipoiokota, akawa mtu wa serikali tena. "Pole sana mama, lakini bila tiketi mtashuka kituo kinachofuata."

Kituo kinachofuata kilikuwa pori. Nikamwona mama analiweka chini lile yai, anaanza kukusanya mizigo, nami nikaacha kulia kwa mashindano, nikalia kweli.

Mara mlango wa behewa ukafunguka. Baba! Alikuwa amedandia behewa la mwisho, akapita yote mpaka letu, jasho linamtiririka, kiatu kimoja, galoni la asali kifuani. Tulimrukia tukamng'ang'ania miguu. "Mbona mnalia?" akauliza. "Nani kafa?"

Tiketi zilitoka mfukoni zimegandana kwa asali. Mkaguzi alizibandua moja moja, akilamba vidole.

"Ni nzuri?" mama akamuuliza baba.

"Nzuri sana."

"Hongera." Hakumsemesha tena mpaka Tabora.

Juzi nimesafiri njia hiyohiyo na wanangu. Walivaa kaptura za kulalia na visikilizio masikioni, Katumba wakapita wameinamia simu. Baba yao alipochelewa kurudi kutoka kununua maji, mkubwa alimtumia ujumbe: "Dingi, uko wapi?" Akajibiwa kwa kidole gumba, mambo yakaisha. Hakuna aliyelia. Nikawaonea huruma kidogo: hawajawahi kumpoteza baba yao hata nusu saa, kwa hiyo hawajui raha ya kumwona anatokea mlangoni.