Jagi la Maji Kabla ya Kengele

Mnivumilie. Mwandiko wangu umelala upande, herufi nyingine nazikosea, na ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Niliishia darasa la saba. Ila jambo hili la chakula cha mchana halijanitoka.

Shule yetu iko nje ya Tabora, barabara ya kwenda Ulyankulu. Mchana tulipewa ugali na maharage. Kunawa, kupanga foleni na kula, vyote vilibanwa kwenye mapumziko mafupi. Kengele ilikuwa rimu ya lori. Ikigongwa, sahani zinakusanywa, uwe umeshiba au hujaonja.

Mdogo wangu alipoanza darasa la kwanza, kila siku alirudi nyumbani amejishika tumbo. Mama akamuuliza, "Kwani shuleni huli?"

"Kengele inaniwahi."

Mama akanigeukia. "Wewe dada yake upo wapi? Kesho asirudi na njaa."

Kesho yake, nikiwa foleni ya chakula, nikamwona penye ndoo ya maji. Amepiga goti, ameshika jagi kwa mikono miwili, ananawisha watu. Kwetu mdogo ndiye anayenawisha wakubwa wote, ndipo na yeye anakaa kula. Alidhani na shuleni ni hivyohivyo. Lakini yeye alikuwa mdogo kuliko wote, na wakubwa hawakuisha.

"Shikamoo," alimwambia mvulana wa darasa la saba.

"Marahaba, mjukuu wangu! Mwaga maji, babu ana njaa."

"Na bibi yako usinisahau," akadakia msichana nyuma yake. Wakacheka.

Kiranja wa kengele alikuwa ameshaokota chuma cha kugongea rimu. Mimi kusema mbele za watu siwezi. Nikatoka kwenye foleni, nikashika jagi. Mdogo wangu akalivuta.

"Bado hawajaisha, dada."

"Hapa kila mtu anajinawia. Njoo ule."

"Mama atanigombeza!"

Tukavutana, maji yakatumwagikia. Kiranja akainua chuma. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Usigonge! Huyu hajala!"

Kiranja akamtazama mwalimu wa zamu, mkono bado uko juu. "Mwalimu, nigonge nisigonge?"

Mwalimu akatazama saa yake, akamtazama mtoto aliyelowa. "Subiri. Mpeni chakula."

Mpishi akakwangua sufuria, akampa kilichobaki. Wenzetu wakapanga mistari wakimtazama, naye kwa kutazamwa akazidi kula taratibu. Anafinyanga tonge, anapuliza, anatafuna.

"Mwalimu, mkono unaniuma," kiranja akalalamika.

Mimi nilihesabu matonge moyoni. Meza, mdogo wangu, meza. Mwalimu akatazama saa tena.

Mara mdogo wangu akaacha kula, akanisogezea sahani. Lilibaki tonge moja na maharage kidogo.

"Na wewe hujala, dada."

Nikalitia mdomoni, na rimu ikalia. Nililimeza nikiwa nakimbilia darasani. Jioni ile mama alimtazama mdogo wangu, akaona hakujishika tumbo.

Sasa mdogo wangu yuko darasa la tano, na anasema mapumziko hayajaongezwa. Ninyi mnaosoma, niandikieni: kwenu watoto wanapewa muda gani wa kula, na wale wadogo nani anawaangalia? Hata mwandiko wenu ukiwa kama wangu, nitasoma polepole mpaka mwisho.