Kilichofichwa Chini ya Kikwembe

Pale kijijini Wamaza watu walizoea kusema kwamba mtoto mchanga hana akili, ana tumbo tu. Nuru, mke wa Assumani, hakukubali hata siku moja. Alimtazama binti yake Aziza kwa makini kuliko alivyotazama shamba lake la pamba, ile pamba ya lazima ambayo Wabelgiji waliwatwisha watu, naye aliona mambo. Mwanzoni, ukificha gunzi la mahindi chini ya kikwembe, ile nguo ya kujifunga kiunoni, Aziza alilisahau papo hapo, kama vile halijawahi kuwapo. Kisha siku moja, akiwa ameshaanza kutambaa, alinyoosha mkono, akafunua kikwembe, akalitoa gunzi. Nuru alipiga vigelegele peke yake uani mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi ya nani.

"Mutoto yangu anajua kitu kikifichwa kingali kipo," alimwambia kila aliyetaka kusikia, na wasiotaka pia. Tangu siku ile huo ukawa mchezo wao wa kila jioni.

Aziza alikuwa amefika umri wa kuachishwa ziwa pale daktari Mzungu alipopita na wasaidizi wake kutafuta ugonjwa wa malale. Watu walipangwa mstari, naye akawa anabonyeza shingo moja moja kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Shingo ya Nuru ilikuwa na tezi, dalili ya ugonjwa ule. Mwenyewe alijua kichwa kinamuuma na usingizi unamwangusha mchana, lakini hayo yote alikuwa ameyasingizia pamba. Akaambiwa aende kambi ya wagonjwa, upande wa Kasongo. Sindano chache tu, msaidizi alisema, halafu utarudi.

Sasa, kwao mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa shangazi yake, na jina la mama hufungwa. Hakuna anayelitaja mbele ya mtoto, hakuna anayemwonyesha nguo ya mama wala kikapu chake, mpaka ziwa limtoke kichwani. Kwa kawaida ni jambo la majuma machache. Mtoto analia, anachoka, anazoea bugali, kisha mama anarudi na watu wanacheka.

Nuru aliona desturi imekuja wakati wake. Akamwita Mwayuma, dada mkubwa wa Assumani, mjane asiyejaliwa mtoto.

"Wifi, umukamate sawa na mutoto wa kuachisha ziwa. Jina yangu musiitaje. Vikwembe vyangu uvifiche. Sitaki alie."

"Nimesikia," Mwayuma akasema. Na Mwayuma akisema amesikia, basi amesikia. Ndiyo ilikuwa taabu yake.

Nuru aliondoka alfajiri, Aziza amelala. Hakumgusa, kwa hofu ya kumwamsha.

Zile sindano chache zikala miaka. Sitaki kuitukana ile kambi, maana dawa yake ilimponya. Ila yule aliyesema "chache" ningependa angelala mle yeye kwanza. Ua ulikuwa na askari mlangoni, na kila mara Nuru alipouliza siku ya kurudi aliambiwa damu yake bado. Habari zilimfikia kwamba Assumani amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Salamabila, na ameoa huko. Alilia siku moja, akaacha. Hakuwa akimtaka Assumani.

Alichotaka ni mtoto wake, na kitu kimoja tu kilimwogopesha, kwamba atamsahau. Kwa hiyo alimkariri. Akipalilia mihogo ya kambi alipitia alama nyeusi iliyo nyuma ya sikio la kushoto, harufu ya shingo, kile kicheko cha kufunua kikwembe. Alimsimulia kwa wagonjwa wenzake mpaka wakamjua Aziza kama mtoto wao. Haikumjia hata mara moja kwamba Aziza naye alihitaji mtu wa kumsimulia. Mtu mzima huzungumza na kumbukumbu zake, zikakaa. Mtoto asiyejua maneno hutunziwa na midomo ya watu, na midomo yote ya Wamaza ilikuwa imefungwa, kwa amri ya Nuru mwenyewe.

Siku aliyorudi, damu yake ikiwa safi mwishowe, alimkuta msichana anafagia uani kwa Mwayuma. Nuru alisimama pembeni mpaka akaiona ile alama nyuma ya sikio. Msichana akaweka ufagio chini, akaleta kigoda, akapiga magoti na kumpa maji kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

"Karibu. Mama iko mutoni, anakuja sasa hivi."

Nuru aliyaweka maji yale chini, akaigeukia njia ya mtoni.

Mwayuma alifika na mtungi kichwani, akamwona, akautua, akaketi udongoni. Wakalia wote wawili. Baadaye, Aziza alipotumwa kuni, Nuru akauliza:

"Hakuniulizia?"

"Hakukuwa na maneno ya kuulizia. Lakini alikutafuta, wifi. Alifunua vikwembe vyote vya nyumba, kimoja kimoja. Alikwenda kufunua mupaka vya jirani. Halafu akaacha."

"Na weye hukumwambia kitu?"

"Ulinikataza. Nilikuwa nangojea urudi unifungulie kinywa."

Nuru akauchukua ufagio, akamalizia ua ulioachwa nusu. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Kesho yake alificha gunzi chini ya kikwembe, mbele ya Aziza. Msichana alifunua, akamrudishia gunzi kwa heshima, kisha akatazama huku na huku kuona yuko wapi mtoto mdogo anayechezewa. Nuru alikikunja kikwembe, asikitandike tena kwa mchezo ule.

Mwayuma ndiye hakukata tamaa. Aliona kosa ni lake, akaamua kulitengeneza kwa kinywa. Kila walipotwanga sombe, yale majani ya muhogo, alimweleza Aziza habari za mama aliyemzaa, na kwa kuwa alipenda hadithi ishibe, aliongeza chumvi. Aziza alisikiliza, akauliza, akasikiliza tena.

Mpunga ulipokuwa umeshavunwa, mchana mmoja Aziza alikuja mwenyewe, akakaa karibu na Nuru, bega kwa bega. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Nakumbuka," akasema.

Nuru aliacha kupepeta. Miaka yote ya kambini aliishi kwa kulingojea neno hilo.

"Ulikuwa na kitambaa ya manjano kichwani. Ulinipatia ndizi. Nilikukimbilia mupaka ku daraja, nikaanguka, ukageuka, ukalia." Macho ya mtoto yalijaa machozi ya kweli. Hakuwa akidanganya. Alikuwa anaiona ile njia, anaiona ndizi.

Kitambaa cha manjano kilikuwa cha Mwayuma, na njia ile ilikuwa ya hadithi zake. Hapakuwa na ndizi, wala kilio darajani. Palikuwa na mtoto amelala na mwanamke anayepita mlangoni bila kumgusa, na hilo lilikumbukwa na Nuru peke yake, pamoja na gunzi, pamoja na kile kicheko. Alielewa kwamba akilisema, atamnyang'anya mtoto mama mzazi wa pekee aliyekuwa naye, yule wa darajani, na mama huyo si yeye.

"Na weye unakumbuka?" Aziza akauliza.

"Nakumbuka," akasema Nuru. "Ulianguka pale daraja, nikageuka."