Zamu ya Martina

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ngano ya Mzee Sulle imelala chini, nasi tumesimama kando tukiitazama. Ilikuwa Endamarariek, mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka huohuo, kijana wa kuwaza kila jambo mara kumi. Hata nikisalimiwa, nawaza nimesalimiwaje.

Kijijini kwetu ndama wa majirani walichungwa pamoja, kila nyumba kwa zamu yake. Siku iliyotangulia zamu ilikuwa yetu, na aliyechunga ni mdogo wangu Martina, wa darasa la sita. Akamwona ndege wa asali, yule anayeongoza watu kwenye nyuki, akamfuata. Ndama wakaingia kwenye ngano.

Haikuwa mara ya kwanza. Akitumwa maji, Martina alirudi na kuni. Darasani kwangu hakutulia kitini, na sentensi zake ziliishia njiani.

Baba akasema, "Basi. Shule imekwisha. Akae nyumbani."

Mzee Sulle, mwenye hasara yake, akamzuia. "Ngoja kwanza. Mwalimu, wewe uko naye nyumbani na darasani. Mtoto huyu anakataa, au anashindwa?"

Jibu nilikuwa nalo. Wiki moja kabla nilikuwa nimemruhusu atembee nyuma ya darasa huku akitaja jedwali la kuzidisha kwa saba, akalimaliza bila kosa. Lakini nikawaza: nikimtetea, watasema mwalimu anapendelea ndugu yake. Ulimi hauna mfupa, mwanangu.

"Anakataa," nikasema. "Ni mkaidi."

Martina, aliyesimama papo hapo, alinitazama, akaacha kuchezesha mguu. Sikuwahi kumwona ametulia vile.

Jumatatu hakuja shule. Baadaye aliolewa Karatu mjini, mumewe akamrudisha kwetu akilalamika: "Chungu kinaungua, yeye yuko kwa jirani anacheka!" Akaanza kuuza vitunguu, akaacha. Akaanza kushona, akaacha.

Miaka ikapita, nikamsindikiza kumpeleka mwanawe hospitali, naye mtoto hatulii. Daktari akatueleza kwamba wapo watoto ambao akili zao hazikai mahali pamoja, si kwa kutaka, na wengine huzeeka na hali hiyo. Akautazama mguu wa Martina ukicheza chini ya kiti.

"Na wewe mama, ulikuwa hivi?"

"Nilikuwa? Bado niko!" Akacheka.

Nje nikamwambia ukweli wa siku ile ya ngano. Kicheko kikamkauka.

"Kumbe ulijua, kaka? Mimi nilikuamini. Ulikuwa mwalimu. Miaka yote hii najiita mkaidi."

Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, ukipewa watoto wa watu uwafundishe, usiharakishe kumwita mkaidi anayeshindwa. Neno ulilomvika akiwa mdogo atatembea nalo mpaka mvi. Na ukijua jema la mtu, liseme palepale anapolihitaji.

Mungu akujalie macho ya kumwona mtoto alivyo, na siku utakayoulizwa habari zake, akupe ujasiri ambao mimi niliukosa mbele ya ngano ile.