Mshiriki wa Saba

Watu wa mtaani kwake walidhani kazi yake ni kusali. Walikuwa wamesikia kwamba ameajiriwa chuo kikuu, idara ya dini, basi mtu akiuguliwa au akiwa na safari alipita kumwambia, "Na sisi utukumbuke huko." Alishachoka kueleza. Ukweli ni kwamba kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba chembamba nyuma ya ofisi ya mkuu wa idara, kati ya kabati la mafaili na dirisha lililogoma kufunguka, spika za masikioni zimembana kichwa, akisikiliza maneno ya watu asiowajua na kuyaandika neno kwa neno. Wanafunzi walikwenda mitaani na vinasa sauti, wakawahoji waumini wa kila aina, wakamletea yeye anukuu. Walimwita Mama Chapa, na maprofesa nao wakalidaka jina hilo.

Shule yake iliishia kidato cha nne, lakini mengi aliyoyachapa yalimkaa kichwani. Alijua kwa nini kikundi kipya huanza kwa kubadili mavazi, na kwa nini watu walioacha dini moja huhama na nyimbo zake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimwuliza yeye kwanza, mhadhiri baadaye.

Mwaka ule alikuja mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, mtu mzima mwenye mke na kitambi kinachochungulia, ambaye idara nzima ilimwita Msomi kwa sababu hakuwa na habari na jambo lolote nje ya vitabu. Alikuwa anachunguza jinsi imani inavyobadili maisha ya nyumbani: chakula, malezi, mpangilio wa vyumba. Alikuwa amepata kikundi cha watu kama thelathini waliohamia nyumba moja kubwa pamoja na watoto wao, chini ya bwana mmoja aliyewahi kufundisha hesabu. Wenyewe walimwita Mwalimu, basi. Msomi aliwahoji kila Jumanne. Majina yalifichwa, kila mtu akapewa namba, na Mama Chapa akatia saini fomu ya kutunza siri, kama alivyofanya kwa kazi nyingine zote.

Kwenye rekodi ya kwanza, Mshiriki wa Saba alipofungua kinywa, vidole vya Mama Chapa viliganda juu ya herufi. Ilikuwa sauti ya mdogo wake.

Hakukuwa na shaka. Nyumbani walimwita Chiriku kwa maneno mengi, na alikuwa na tabia ya kumeza mate kabla ya kusema "kwa kweli." Hawakuwa wamesemeshana kwa miaka sita, tangu walipomzika mama yao. Siku ile Mama Chapa alimwambia mbele za watu kwamba amekuja kuzika mtu ambaye hakuja kumuuguza. Chiriku aliondoka kesho yake asubuhi na hakuacha namba ya simu.

Sheria ya idara ilikuwa wazi: ukimtambua anayehojiwa, unairudisha rekodi, anapewa mwingine. Hakuirudisha. Alijiambia atasikiliza hiyo moja tu, kisha ikawa ya pili, na kufikia ya tatu alikuwa anaingia kazini mapema siku ya Jumatano ili aanze na Saba kabla ya wengine. Chiriku alisikika mwenye furaha. Aliongea juu ya zamu za jikoni na watoto waliomzoea ingawa yeye hakujaliwa mtoto, na mara moja alicheka kile kicheko chake cha puani. Mama Chapa naye akajikuta anacheka peke yake.

Ni kwenye rekodi ya tano ndipo alipogundua kwamba nyumba inabadilika.

Msomi alisikiliza maneno. Mama Chapa, kwa kazi yake, alisikia na vile vilivyo nyuma ya maneno, maana ilimbidi aviandike kwenye mabano: mlango unabamizwa, mtoto analia. Mwanzoni mlikuwa na saa ya ukutani, friji inayonguruma, sahani, makabati. Rekodi ya tano haikuwa na friji. Ya sita haikuwa na saa. Ya saba sauti za watu zilianza kuwarudia kutoka ukutani, kama wanaongea ndani ya tangi tupu, akajua kwamba mapazia yametoka, na makochi, na magodoro. Ya nane aliirudia mara tatu toka mwanzo hadi mwisho. Haikuwa na mtoto hata mmoja.

Alimwuliza Msomi watoto wako wapi. Msomi akasema labda wako shuleni. Mama Chapa akamkumbusha kwamba shule zimefungwa.

"Wanapunguza vitu, Mama," Msomi akasema. Uso ulimng'aa. "Wanagawa kila kitu. Hiyo peke yake ni sura nzima ya tasnifu."

Mama Chapa akapiga moyo konde, akaenda kwa Profesa aliyemsimamia Msomi, mama mmoja mkavu wa maneno lakini mwenye haki. Alimweleza habari ya mwangwi na ukimya wa watoto. Habari ya mdogo wake aliimeza, kwa kuogopa kunyang'anywa kazi ile. Profesa alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akasema kwamba kazi ya idara ni kuelewa watu, haina mamlaka ya kuwaingilia, ila suala la watoto atalifikisha kwenye kamati ya maadili. Kamati ilikuwa ikutane mwisho wa mwezi.

Rekodi ya tisa ilichelewa. Msomi aliuguliwa na mkewe, akaileta Jumatatu badala ya Jumatano. Mama Chapa alianza na Saba kama kawaida. Katikati ya mahojiano simu ya Msomi iliita, akaomba radhi, akatoka nje na kuacha kinasa sauti mezani kikiwa kinaendelea. Zikasikika hatua za miguu mitupu kwenye sakafu tupu. Kisha sauti ikaja karibu sana, kama mtu aliyeinama sikioni kwake.

"Dada, najua ni wewe unayeandika. Nilikuona siku nilipokuja chuoni kujaza fomu, ulikuwa umenipa mgongo. Ndiyo maana nilikubali. Muda wote huu naongea na wewe, huyu kaka ni njia tu." Akameza mate. "Kwa kweli mimi sina kinyongo. Jumapili tunaondoka. Mwalimu amesema kila mtu aje na mmoja. Mimi nimekutaja wewe."

Jumapili ilikuwa jana.

Alivua spika, akamfuata Msomi maktaba, akamwambia yote palepale kati ya rafu, ya fomu, ya mdogo wake. Msomi alichukua funguo za gari.

Walikuta mlango haujafungwa. Nyumba ilikuwa imefagiwa na kupigwa deki. Misumari ilikuwa imeng'olewa ukutani na matundu yake kuzibwa vizuri, moja moja, kwa chokaa. Mabomba yalikuwa yamefungwa hadi mwisho. Walipita chumba hadi chumba, na kila walipokanyaga, hatua zao ziliwarudia. Kwenye ukuta wa sebule, kwa kalamu ya risasi na mwandiko mzuri wa mwalimu, palikuwa na orodha ya majina yaliyopangwa mawili mawili. Mengi yalikuwa yamewekewa alama ya vema. La Chiriku lilikuwa nayo. Lililoandikwa pembeni yake, jina lake yeye Mama Chapa kamili, na la baba na la babu, halikuwa nayo.

Msomi alitoa simu kupiga picha, akaishusha, akairudisha mfukoni.

Polisi waliandika maelezo. Askari wa zamu aliuliza kama kuna aliyelazimishwa, na alipoambiwa hapana, kalamu yake ikapunguza mwendo. Watu wazima wana miguu yao, alisema. Alipotajiwa watoto ndipo alipokwenda kumwita mkubwa wake.

Watoto walipatikana baada ya wiki tatu, wote, kwenye shule ya bweni mbali sana, wameandikishwa kwa utaratibu. Walikuwa wameshiba, wamevaa nguo za rangi moja. Hawakutaka kuongea. Mmoja tu, wa miaka sita hivi, alisema kwamba wakubwa wametangulia kuandaa. Kuandaa nini, hakusema, au hakujua.

Wakubwa hawakupatikana. Msomi alimaliza tasnifu yake, maana alikuwa ametoka mbali nayo, lakini siku ya kupongezwa alikaa kama mtu aliyepokea barua mbaya. Mama Chapa alipewa onyo la maandishi kwa kuvunja masharti ya fomu. Alilitia saini bila kulisoma. Kila jioni akitoka kazini alipitia kituo cha polisi, mpaka askari wa zamu wakamzoea na kuanza kumjibu kwa kutikisa kichwa kabla hajavuka kizingiti.

Ilipita miezi minane. Asubuhi moja alikuwa kwenye foleni ya kupimwa presha, zahanati ikiwa imejaa, akasikia mwanamke nyuma yake akimwuliza nesi kama daktari wa macho ameshafika. Uso huo hakuwahi kuuona maishani, lakini sauti aliichapa kwa wiki tisa. Alikuwa Mshiriki wa Pili.

Aligeuka. Mwanamke yule alimtazama bila kushtuka, akatabasamu taratibu kama mwenyeji anayefungua mlango.

"Wewe ndiye dada yake," akasema.

"Yuko wapi?"

"Yupo. Hajambo." Akamwambia njia, bila kuficha na bila kushusha sauti: basi gani, ashukie wapi, atembee upande gani na kwa muda gani, aulize nyumba ipi. Akamalizia, "Nafasi yako haijajazwa. Amekataa isijazwe."

Kisha akatoka kwenye foleni akaenda zake, na macho yake hayakupimwa.

Presha ya Mama Chapa ilikutwa iko sawa kabisa, hata nesi akamsifu. Alikaa kwenye benchi la nje, akaandika njia ile yote nyuma ya kadi yake ya zahanati, neno kwa neno. Kituo cha polisi kilikuwa barabara ya pili kutoka pale. Alisimama, akashika njia ya chuoni. Alipofika aliomba fomu ya likizo, akaandika wiki mbili kuanzia Jumatatu, na Profesa akaisaini akisema ni kweli, amechoka, na akapumzike vizuri. Kwenye nafasi ya kuandika mahali atakapopatikana akiwa likizo, aliweka mstari mfupi, akairudisha kalamu.