Mtu Aliyesimama Nje ya Uzio

Picha za mlima wa Rebero zilinifikia ofisini, mtaa wa Kacyiru, mchana wa jua kali. Zilikuwa zimepigwa na droni msimu wa mvua uliopita, na kazi yangu ilikuwa kuzikata: nachukua picha nzima ya mlima, naiwekea mipaka ya viwanja vinavyochunguzwa kwa hofu ya maporomoko, nabakiza kilichomo ndani tu. Programu ya kazi hiyo nilikuwa nimeiandika kwa lugha ya kompyuta ya Python, mistari michache. Chochote kinachoangukia nje ya mpaka hugeuka weusi mtupu.

Kiwanja cha mama kilikuwamo. Nilikitafuta mapema, kama mtu yeyote angefanya.

Mara ya kwanza mipaka ilikaa vibaya. Picha na mipaka vilihifadhiwa kwa mifumo tofauti ya vipimo, kwa hiyo kila kiwanja kilikuwa kimeteleza kuelekea bondeni. Kwenye kipande cha mama ilionekana nusu ya paa, uzio, na nyuma ya uzio, mtu amesimama. Kutoka juu binadamu ni kitu kidogo: kofia, mabega, kivuli. Mabega yake yalifunikwa blanketi la mistari ya kijani na machungwa. Kivuli kililala kirefu kwenye majani, na kando yake kivuli cha mkongojo.

Blanketi lile nililijua. Baba tulimzika nalo.

Nikaangalia tarehe ya picha. Siku hiyo baba alikuwa bado hai, ila kiharusi kilikuwa kimeshamlaza. Tulikuwa tunamgeuza kitandani kwa zamu ili asipate vidonda. Nikarekebisha vipimo, nikaendesha programu upya. Mipaka ikarudi mahali pake. Mtu yule hakuwepo tena.

Jumapili baada ya misa nilimpelekea mama kompyuta, nikamwonyesha kile kipande kilichokosewa. Wazazi wangu walikulia Tanzania, na mpaka leo nyumbani tunaongea Kiswahili.

"Mama, huyu ni nani?"

Akavaa miwani. Hakushtuka. "Unamjua."

"Baba alikuwa hawezi kutembea."

"Alikuwa hawezi." Akainuka kupunguza moto wa chai, akarudi kukaa. "Lakini kuna asubuhi nilikuwa namkuta na udongo kwenye nyayo. Udongo mbichi. Nilikuwa namwosha kabla hamjaamka."

"Na hukutuambia?"

"Ningewaambia nini, mwanangu? Nilimwuliza mwenyewe. Akasema, nimeenda kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Unajua maneno yalivyokuwa yanamshinda. Aliishia hapo."

Nikaikuza picha. Nilikuwa nimedhani anatazama bonde, kumbe kofia ilikuwa imeinama. Alikuwa anaangalia chini. Mbele ya miguu yake ulipita mstari mweusi, mwembamba, niliokuwa nimeuchukulia kuwa njia ya mbuzi. Ulikuja mpaka kwenye uzio ukapotelea chini ya migomba, upande wa chumba cha kulala.

Tukatoka nyuma. Mama alikuwa hajafika huko tangu msiba, na majani yalikuwa yamepanda hadi magotini. Nikayapekua kwa fimbo mpaka fimbo yenyewe ikazama. Ule mstari ulikuwa ufa, upana wa kiganja. Hewa ya baridi ilitoka ndani yake, ingawa kulikuwa na jua. Mama akaokota jiwe, akaliachia. Tulisubiri, lakini hatukulisikia likifika.

"Twende ndani," akasema. Kisha akabadili. "Hapana. Tukae mbele, barabarani."

Kesho yake nilimweleza mkuu wangu kwamba viwanja vya pale havikuwa salama.

"Mbona ripoti yako inasema ndani hakuna kitu?" akauliza.

"Ndani hakuna. Kiko nje kidogo, na mimi nimekata pale pale kwenye mpaka."

Aliniruhusu nipanue kila mpaka kabla ya kukata. Ni mstari mmoja tu wa kuongeza kwenye programu. Vipande vipya vilipotoka, ufa ulionekana ukipita nyuma ya nyumba za majirani pia. Mkuu wangu akasogeza uso kwenye skrini.

"Na huyu mwenye blanketi? Alikuwa mtu wetu, aliyewekwa pale kuonyesha ufa?"

"Ni mwenyeji," nikasema. Sikuweza kusema zaidi.

Wataalamu wa udongo walikwenda, wakapima, na familia za mstari ule zikaambiwa zihame. Mama alipata nyumba ya kupanga Kicukiro, karibu na soko, akawa analalamika kuhusu kelele. Mvua zilipozidi, mlima ulikatika mchana kweupe. Chumba cha kulala na jiko vilikwenda na migomba yote. Hapakuwa na mtu.

Tulikwenda kuona. Mama alisimama mbali, mikono ndani ya kitenge, akatazama udongo ulioachwa wazi.

"Kumbe baba yako alikuwa anafungua mlango wa nyuma," akasema. "Na ule mlango ulikuwa na komeo la juu. Hata mimi nilikuwa naufungua kwa kupanda stuli."

Nilimwuliza kama pengine kuna mtu alikuwa akimsaidia. Akanitazama kana kwamba nauliza jambo la kitoto. "Nani huyo? Sote tulikuwa tumelala," akasema, akaanza kushuka kwenda kutafuta pikipiki.