Aliyenifunza Wiski Kebirigo

Kama umekuja kunisikiliza ili ucheke, rudi ulikotoka. Wengi wameshacheka, na baadhi yao ni ndugu zangu wa tumbo moja. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Kebirigo, miaka michache baada ya Uhuru. Ningepata faida gani kuyatunga?

Siku hizo nilikuwa najifunza kuonja chai kiwandani. Unajua ni kazi gani? Unaivuta chai kwa kijiko mpaka sauti isikike, unaizungusha mdomoni, unaitema, kisha unasema: hii imeungua, hii ilichelewa kukaushwa, hii ni safi. Ulimi wangu ndio uliokuwa shamba langu. Mama yangu, mjane mwenye kijishamba cha chai, aliwaambia wanawake wenzake kanisani kwamba mwanawe analipwa kwa kunywa chai, nao wakadhani anatia chumvi.

Meneja wetu, mzungu, alikuwa na desturi yake. Mwanafunzi akihitimu, anaitwa nyumbani kwake kunywa wiski. Mwenzangu aliyetangulia alikohoa mpaka akamwaga glasi, wakamcheka hadi akaomba uhamisho. Mimi nikaapa halitanipata. Lakini kwetu ni Wasabato. Hata pombe ya wimbi niliijua kwa harufu iliyotoka kwa jirani. Nikaona heri nikajifunze mbali na kwetu Magwagwa, nisionwe na mtu wa kanisa.

Jumapili moja alasiri, mvua ya mawe ilinisukuma ndani ya baa ya Mama Kwamboka. Hapakuwa na mtu. Mabati yalipiga kelele hadi huwezi kusikia hata mawazo yako. Mara akaingia mzee mmoja, kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni, amebeba sinia lenye chupa na glasi moja tu. Alitoka nje, kwenye ile mvua, na kanzu yake ilikuwa kavu. Niamini, niliona. Ila mtu aliyekuja kujificha haulizi maswali mengi. Nilidhani ni mhudumu wa pale.

Nilimwamkia kwa Kigusii. Alinijibu kwa Kiswahili kile cha jikoni kwa wazungu, akanimiminia glasi.

Sasa, sisi tuna mila. Anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakuna kitu kibaya ndani. Nikamwambia, nusu kwa mzaha, "Onja kwanza, omogaka." Ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima.

"Mimi?" akasema. "Mimi hapana ruhusa."

Nikacheka. Nikajiambia, wiski hutoka ng'ambo na kizibo chake, nani ataitia sumu? Mila za vyungu vya pombe vya wazee zina kazi gani hapa? Ujinga wangu ulianzia hapo.

Alinifunza vizuri, siwezi kumnyima haki yake.

"Kwanza nusa, mdomo wazi kidogo. Tia maji, tone tu. Sasa onja kidogo, weka juu ya ulimi. Hapana meza upesi."

Sikukohoa. Nikajiona bwana mkubwa. Mzee akainama, akanikazia macho.

"Iko nini ndani? Ambia mimi."

"Moshi," nikasema.

Alifumba macho, koo lake likapanda na kushuka kama mtu anayemeza.

"Tena?"

"Asali."

"Tena?"

"Ndizi mbivu. Na chumvi, kwa mbali."

Nilikuwa nafurahi, maana hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Lakini kila nilichokitaja, nikionja tena sikipati. Nilidhani ndivyo wiski ilivyo.

"Iko nini ingine?"

Ulikuwa umebaki uchungu. Na uchungu ndio ulionipiga kwanza kabisa, karibu niteme. Lakini ni mshamba gani atasema wiski ni chungu? Niliona haya.

"Imeisha," nikasema.

Machozi yakamtoka. "Asante sana. Miaka mingi mimi namimina tu." Akachukua sinia na chupa, akatoka mvuani.

Mama Kwamboka alikuja kutoka jikoni na kikombe cha chai, akanikuta na ile glasi. Akatazama rafuni, chupa yake ya pekee ya wiski ilikuwa bado imefungwa.

"Umepewa na nani? Mimi sina mhudumu."

Nikamweleza ile kanzu na mshipi. Akaketi.

"Mwanangu, huyo alikuwa mtumishi wa meza kwa mzungu mmoja, siku zile Mwafrika akionja wiski ni jela. Walimkuta amelamba iliyobaki kwenye glasi. Alifia huko alikofungwa." Akaniangalia. "Hukumtajia ladha, sivyo?"

Niliinua kikombe chake cha chai, nikanywa. Mdomoni yalikuwa maji ya moto tu.

Kiwandani walinipangia vikombe mezani. Maji ya moto, vyote. Wakanifukuza kabla sijaitwa kwa meneja. Daktari alisema ulimi ni mzima. Mama aliacha kunitaja kanisani, na alikufa akiamini nililewa nikaipoteza kazi.

Mpaka leo kuku, asali, wimbi, vyote kwangu ni kama kutafuna karatasi. Ninachoonja ni chinsaga peke yake, ile mboga yetu chungu, na isitiwe maziwa. Mke wangu huipika kila siku, na huipika kwa hasira.

Nina hasira na yule mzee, sifichi. Wazungu ndio waliomnyima, akaja kujilipa kwangu, mtoto wa mjane. Nyumba ya meneja ilikuwa pale pale Kebirigo, juu ya kilima, mbona hakubisha hodi?

Basi wewe unayetaka kuanza wiski, sikiza. Asiyeonja mbele yako, usinywe chake, hata kama chupa ina kizibo. Na akikuuliza umeonja nini, anza na lile lililokupiga kwanza, usione haya. Mimi nilimficha uchungu, ndio alioniachia.