Ujumbe wa Saa Moja Uliokwenda Mara Mbili

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi, fundi wa programu ameshakaa kwenye chumba cha kumbukumbu cha zahanati, kati ya kabati la mafaili na feni isiyozunguka. Wauguzi wanamwita Mama Ratiba. Kwenye skrini ana orodha ya kazi ambazo tovuti ya zahanati inajifanyia yenyewe bila kubonyezwa: kila asubuhi kuwakumbusha wagonjwa dawa, kila Ijumaa kuandaa ripoti.

Saa moja kamili, wagonjwa 412 wa presha wanapata ujumbe: "Meza kidonge chako sasa." Anakagua rekodi kuhakikisha kila mmoja ameupata mara moja tu.

Ana sababu. Mwaka jana wagonjwa waliongezeka, zahanati ikaleta kompyuta ya pili kuisaidia ya kwanza. Aliihamishia kila kitu kama kilivyo, ratiba ikiwemo. Kompyuta zote mbili zikawa zinaamka, kila moja ikijiona ndiyo yenye kazi. Saa ya ile mpya ilichelewa dakika ishirini, kwa hiyo ujumbe ukaja tena saa moja na dakika ishirini.

"Nilijisahau," anasema bila kuzunguka. "Ratiba inatakiwa iwe na mwenyewe mmoja."

Wengi waliupuuza ujumbe wa pili. Mama mkwe wa fundi, mgonjwa wa presha mwenye miaka sabini na mbili, hakuupuuza. Alimeza mara mbili kwa siku, siku tatu mfululizo, ya nne akaanguka mlangoni mwa jikoni. Alipozinduka alimweleza daktari kwamba mkwewe ndiye aliyemwagiza aitii simu, naye ametii.

Fundi angeweza kurekebisha kimyakimya, maana hakuna aliyejua kwamba kosa liko kwenye ratiba. Badala yake alimfuata daktari mkuu akakiri, kisha yeye na muuguzi mmoja wakawapigia wagonjwa wote simu kwa siku mbili. Tisa zaidi walikuwa wamezidisha dozi. Wote wako salama.

Siku hizi kompyuta inayowahi inaweka alama kwamba kazi imeshachukuliwa. Nyingine ikiikuta alama hiyo inapita zake.

Mama mkwe alipona, ila tangu hapo hamezi kitu mpaka apigiwe simu. Basi kila siku, mtu aliyeajiriwa kuzipangia mashine kazi anafanya moja kwa mdomo wake: anamwamkia, anasubiri maji yamiminwe, anasikiliza mpaka kidonge kishuke.

"Siku akimeza bila kunisubiri, nitajua amenisamehe," anasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Anatengeneza ujumbe mpya utakaomsubiri mgonjwa ajibu kwamba amemeza; asipojibu, muuguzi anaarifiwa. Anatumaini huo utamrudishia imani ya mama.

Mama mwenyewe, akichambua mboga sebuleni kwake, anaucheka mpango huo.

"Nilishamsamehe siku ileile," anasema. "Lakini nikianza kumeza kwa ujumbe, huyu mwanangu atanipigia simu ya nini tena?"

Alipofikishiwa maneno hayo, Mama Ratiba alijifuta macho, kisha akasema ujumbe mpya utaanza mwezi ujao kama ulivyopangwa.

"Jina la mama nitaliondoa kwenye orodha," anasema. "Huyo nitampigia mwenyewe."